Tembo wa kwenye muvi, na zile siku ambazo kamera haikuwepo

Jumamosi jioni, sebuleni kwa mama mdogo kule Nyegezi, watu tulikuwa wengi kuliko makochi, na kwenye TV inapita Water for Elephants, August, bosi wa sarakasi, ameshika fimbo yenye kulabu ya chuma anamfuata tembo. Watoto waliokuwa wanagombania rimoti wakatulia wenyewe. Kipigo chenyewe huoni sana, unasikia zaidi kuliko kuona, na mama mdogo ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele wala hana habari na muvi akainua kichwa akasema, "Huyu baba ana roho gani lakini?"

Hakuna aliyemjibu.

Muvi ikaendelea, tembo akainuka, watu wakaanza kuongea tena, na binamu yangu aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka na simu yake akasema, "Kumbe huyu tembo jina lake Tai. Na kuna klipu anapigwa kweli."

Simu ikazunguka sebule nzima. Ilipofika kwangu niliangalia mpaka mwisho, nikaipitisha kwa jirani bila kusema kitu, na wiki zimepita sasa ile klipu bado iko kichwani. Hii makala nimeiandika na kuifuta kila mara, maana kila nikidhani nimeshajua ninachotaka kusema kinatokea kitu kinanirudisha nyuma.

## Kilichomo kwenye klipu

Muvi yenyewe wengi mmeiona, sitaisimulia. Water for Elephants ya 2011, Robert Pattinson ndo Jacob, Reese Witherspoon ndo Marlena, Christoph Waltz ndo August, mume wa Marlena na bosi wa sarakasi ya Benzini Brothers, mwaka ni 1931 na Marekani nzima ina njaa. Na kuna Rosie, tembo. Ukimtoa Rosie inabaki hadithi ya watu watatu na ndoa mbaya, ambayo tumeshaiona mara mia.

Rosie aliigizwa na Tai, tembo jike wa Asia aliyekuwa na miaka zaidi ya 40 wakati huo. Mwenye tembo alikuwa ni kampuni ya California inaitwa Have Trunk Will Travel, kazi yao ilikuwa kukodisha tembo kwa muvi na matangazo na maonyesho. Muvi ilitoka mwezi wa nne. Mwezi wa tano, watu bado wako kumbini wanaiangalia, shirika la Animal Defenders International likaachia video ambayo walisema ilirekodiwa kwa siri kwenye shamba la hiyo kampuni mwaka 2005. Unaona tembo wanapigwa na kulabu, wanavutwa na kulabu, wanapigwa shoti ya umeme kwa kifaa cha mkononi, na unawasikia wanavyolia. Shirika likasema Tai ni mmoja wao.

Kampuni ilikataa. Walisema vile ni vipande vifupi vilivyokatwakatwa, kwamba hakuna hata kimoja kilichorekodiwa wakati Tai anaandaliwa kwa ajili ya hii muvi, na kwamba wao wanasimama na malezi yao na namna yao ya kufundisha. American Humane, wale ambao kazi yao ni kukaa seti, pale muvi inaporekodiwa, kuangalia wanyama, nao wakasema picha ni za miaka kadhaa kabla, wao hawakuwepo huko, na walipokuwepo wao seti Tai alitunzwa vizuri.

Hapa nilikwama siku nyingi, na sitaki kupapita haraka.

Maana nimeshaona video nyingi sana mitandaoni zilizokatwa mpaka mtu wa watu anageuka shetani, na nimeshaona mtu anapoteza kazi kwa sekunde kumi za klipu ambayo ukiiona nzima maana yake inabadilika. Sikutaka na mimi niwe mmoja wa wale wanaoshea kwanza halafu wanauliza baadaye. Kwahiyo nilijiuliza, nikiweka pembeni kila kitu ambacho pande mbili zinabishania, kinabaki nini?

Inabaki kulabu.

Ile kulabu ambayo kwenye muvi ndo alama ya ubaya wa August, kitu ambacho kamera inakionyesha ili tujue huyu mtu ni mbaya, ilikuwa ni kitendea kazi cha kila siku cha watu wa tembo Marekani. Hilo halikuwa siri na hakuna aliyelificha. Watu waliitetea hadharani, kwamba ni kifaa cha kumwongoza tembo tu. Ni fimbo ambayo mwishoni ina ncha ya chuma na kulabu, na inatumika sehemu ambazo ngozi ya tembo inasikia maumivu haraka, nyuma ya masikio, mdomoni, miguuni.

Na inavyofanya kazi ndo kitu kilichonitoa kwenye kusitasita. Tembo akishajua kulabu inafanya nini, huna haja ya kumpiga tena. Ukiishika tu inatosha. Ukiigusisha kidogo inatosha. Tembo hasahau, hilo hata mtoto wa darasa la pili anakwambia. Kwahiyo inawezekana kabisa, na mimi naamini ndivyo ilivyokuwa, kwamba siku zote za kurekodi Tai hakuguswa vibaya hata mara moja, kila aliyekuwepo seti akasema ukweli mtupu, na bado kila hatua aliyopiga mbele ya kamera ikawa imelipiwa miaka mingi nyuma.

## August peke yake

Sasa nikarudi kwenye muvi nikaiangalia tena, safari hii peke yangu.

Waltz ameigiza vizuri mpaka inatisha. Ile sura yake inayotoka kwenye kicheko na kuingia kwenye hasira bila kupita njia yoyote katikati, ukiwa umewahi kuishi nyumba moja na mtu wa hivyo unaijua, unajikuta umekaa mkao wa kujihami kwenye kochi lako mwenyewe. Na nadhani uzuri wa huo uigizaji ndo umeficha kitu.

Muvi inatuambia shida ni August.

Angalieni ilivyopangwa. Rosie haelewi anachoambiwa, August anampiga. Jacob, ambaye wazazi wake wametoka Poland, anagundua kumbe Rosie anaelewa Kipolandi, na tangu hapo Rosie anafanya kila kitu, anainua mguu, anakaa, anabeba mtu, anapiga hatua kwa madaha, watu wanashangilia na sisi sebuleni tunashangilia. Yaani tembo alikuwa tayari kabisa kufanya maonyesho, kwa hiari yake, kilichokosekana ni mtu mpole anayejua lugha yake. Ni tukio zuri sana, ndo sehemu muvi inapopumua, na ndo sehemu ambayo mi siwezi tena kuiamini.

Tembo hasimami kichwa chini kwa sababu ameombwa kwa Kipolandi.

Kama tatizo ni mtu mmoja mwenye roho mbaya basi akiondoka mambo yameisha, na ndivyo muvi inavyoisha. August anakufa, Jacob na Marlena wanachukua Rosie na farasi wanaenda wapi? Wanaenda Ringling. Wanapata kazi kwenye sarakasi kubwa kuliko zote, sarakasi nzuri, wanaishi maisha mazuri. Muvi inaisha kwa kumtoa tembo sarakasi moja na kumpeleka sarakasi nyingine, na sisi tunafuta machozi tukisema afadhali.

Mwaka huohuo wa 2011, mwezi wa kumi na moja, kampuni inayomiliki Ringling, Feld Entertainment, ilikubali kulipa dola 270,000 serikalini kumaliza tuhuma za kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Hawakukiri kosa, lakini walilipa. Mei 2016 wakastaafisha tembo wao wote wa maonyesho. Mei 2017 sarakasi ikafungwa kabisa baada ya zaidi ya karne moja. Na katika kufunga huko walisema wenyewe kwamba baada ya tembo kuondoka mauzo ya tiketi yalianguka zaidi.

Hiyo sentensi ya tiketi nimeirudia kichwani sana. Maana inanionyesha tulipo sisi. Mwenye tiketi ndo aliyekuwa anamtaka tembo. August kwenye muvi anampiga Rosie kwa sababu sarakasi inakufa njaa na tembo ndo kitu pekee kitakachojaza hema. Anasema wazi. Kwahiyo aliyekuwa nyuma ya ile kulabu ni yule mtu aliyekaa kwenye viti anasubiri kushangaa.

Nisiwe mkali bila haki lakini. Muvi inaona vitu vingine vizuri sana. Inaona jinsi wafanyakazi wanavyotupwa kutoka kwenye treni inayotembea, usiku, ili wasilipwe mshahara. Inaona mzee Camel, mtu aliyechoka mwili, anavyogeuka kuwa mzigo siku ambayo hana kazi tena. Inajua kwamba kwenye sarakasi ya njaa mnyama na kibarua wako kwenye behewa moja. Hapo imesema ukweli ambao muvi nyingi za mapenzi hazithubutu, na ndo maana naipenda na ndo maana imeniuma. Ilikuwa karibu kabisa kusema na lile lingine.

## Maandishi ya mwisho

Kuna mstari mnaoufahamu, unapita mwishoni kwenye muvi za Marekani, kwamba hakuna mnyama aliyedhurika katika kutengeneza muvi hii. Mstari huo ni wa American Humane, wao ndo wenye haki nao, huwezi kuuweka tu kwa kujisikia.

Ulianza kwa sababu ya farasi. Mwaka 1939 kwenye muvi moja ya zamani ya makauboi walimrusha farasi kutoka kwenye jabali akafa, watu wakakasirika, na mwaka uliofuata hao jamaa wakaanza kukaa seti kuangalia. Ni kazi njema, sisemi vinginevyo, imeokoa farasi wengi.

Ila wanaangalia seti.

Mwaka 2013 gazeti la Hollywood Reporter lilitoa uchunguzi mrefu juu ya hili jambo. Muvi za The Hobbit, zilizorekodiwa New Zealand, waliokuwa wanatunza wanyama walisema wanyama 27 walikufa. Wapi? Shambani walikokuwa wanafugwa. Kondoo, mbuzi, kuku, farasi wadogo, walikufa wakati kamera imezimwa, kwenye ardhi ambayo haikuwa seti, na kwenye muvi maandishi yakasema American Humane walisimamia matukio yote muhimu ya wanyama. Na kwa maneno yalivyo, ni kweli. Kwenye Life of Pi kuna chui milia alikaribia kuzama majini mbele ya msimamizi mwenyewe, na msimamizi akamwandikia mwenzake asimwambie mtu.

Nilipofika hapa ndo nikaelewa kwanini ile klipu ya Tai ilikuwa inanisumbua kuliko klipu nyingine zote za wanyama kupigwa. Tunaletewa mnyama akiwa tayari. Ameshajua. Amefika seti kwenye lori safi, mtulivu, anampenda mwigizaji, mwigizaji anampenda. Pattinson kwenye mahojiano hakuchoka kumsifia Tai, na ukimsikiliza unaona hadanganyi, alimpenda kweli. Na mimi namwamini, na sijui nimfanyie nini huo upendo wake, maana ulikuja miaka mingi baada ya jambo lenyewe kumalizika.

Hakuna mtu yeyote anayeulizwa mnyama huyu alifikaje hapa.

## Rosie alimuua August, na Tyke je

Mwishoni, kama mnakumbuka, Rosie anang'oa kigingi na kummaliza August. Sebule nzima kwa mama mdogo ilipiga kelele za furaha, hata watu wazima. Rosie hapati adhabu yoyote. Jacob anatunza siri, Rosie anazeeka akiwa nao.

Tarehe 20 Agosti 1994, Honolulu, Hawaii, tembo jike wa Afrika jina lake Tyke alimuua mkufunzi wake kwenye sarakasi mbele ya watazamaji waliokuwa na watoto wao, akamjeruhi mtu mwingine, akavunja njia akatoka nje akaanza kukimbia mitaani katikati ya magari. Polisi walimpiga risasi zaidi ya 80. Ilichukua muda mrefu kufa. Kuna picha za video, alirekodiwa na watu barabarani.

Tyke alitoka Msumbiji. Alikamatwa mdogo akapelekwa Marekani.

Msumbiji hapo chini yetu, ukivuka Ruvuma. Sijui kwanini hilo limenigusa kuliko Tai, labda kwa sababu tembo wa Asia akili yangu inamweka mbali, kwenye muvi, lakini tembo wa upande wa pili wa Ruvuma ni hawa hawa, mto hauwazuii, wanavuka. Aliyepigwa risasi kwenye lami ya Honolulu angeweza kuwa na ndugu zake Selous.

Na yeye siku hiyo alikuwa amevalishwa mapambo kwa ajili ya onyesho.

Ndo maana ile furaha ya kigingi siiwezi tena. Muvi imetupa haki ya bure. Imetuambia mnyama atalipiza, mbaya atakufa, na tutabaki sisi wema na tembo wetu. Kwenye maisha ya kweli tembo akifanya vile anakufa yeye, na Jacob wa kumtunzia siri hayupo.

## Na sisi huku

Hii sehemu niliifuta mara nyingi kuliko nyingine.

Mi ni mtoto wa Mwanza. Nimekua naenda Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili ya Bagika na Bagalu wanashindana ngoma, na kitu ambacho kila mtoto alikuwa anakisubiri ni chatu. Mchezaji anamtoa chatu, anamvaa shingoni, anacheza naye, anamweka kichwa karibu na mdomo, na umati unarudi nyuma na kusogea mbele kwa wakati mmoja. Nilikuwa na hofu na furaha mpaka nashindwa kupumua. Naipenda ile ngoma mpaka leo, na mtu akija kutoka mbali kuniambia ni ukatili nitamsikiliza huku nimekunja uso.

Lakini nitamsikiliza.

Maana swali ninalomuuliza mwenye Tai ni lile lile. Chatu alifikaje hapa? Kati ya ngoma na ngoma anakaa wapi, kwenye gunia, kwenye sanduku, kwa muda gani, anakula nini? Najua kuna tofauti, na ni tofauti ya kweli. Bayeye, wale wacheza nyoka wa Kisukuma, walikuwa na elimu ya nyoka, walikuwa wanaokoa watu waliogongwa na nyoka kwenye mashamba ya pamba na mpunga, nyoka kwao alikuwa jambo la heshima na dawa kabla hajawa onyesho. Hiyo siyo Benzini Brothers. Ila siku hizi chatu namwona na kwenye maonyesho ya kawaida tu, kwenye sherehe, kwenye kona za watalii wanaopigwa naye picha, na huko elimu ya Bayeye siioni, naona mtu na gunia.

Sijafika mwisho na hili. Nimeongea na mjomba wangu mmoja anayezijua ngoma hizi kuliko mimi, akaniambia, "Mwanangu, nyoka akichoka anakwambia, na mchezaji asiyesikia anagongwa." Nikamuuliza, na chatu je, ambaye hana sumu? Akanyamaza kidogo akasema chatu naye anabana. Nimelichukua jibu lake kwa heshima, na bado nalifikiria.

Afu kuna wale twiga. Mnawakumbuka, sina haja ya kueleza sana, Novemba 2010, uwanja wa KIA, wanyama hai zaidi ya mia moja wakiwemo twiga wakapakiwa kwenye ndege ya jeshi kuelekea Qatar, na sisi tukajua baadaye, bunge likawaka, magazeti yakawaka. Mpaka leo mtu akitaka kusema nchi inaibiwa anakwambia hata twiga wamepanda ndege. Mwezi wa sita 2022 serikali ilipotangaza kufungua tena biashara ya kusafirisha wanyama hai, watu walipiga kelele mpaka ikasitishwa ndani ya siku chache.

Nikikumbuka kelele zile, nyingi zilikuwa za mali. Wametuibia. Twiga wetu. Ni nembo ya taifa, ni fedha za kigeni, ni urithi wa watoto wetu, na hayo yote ni kweli na mimi nilipiga kelele hizo hizo. Ila twiga mwenyewe ndani ya ile ndege, shingo yake ile, giza lile, kelele za injini zile, sikusikia mtu akimsema. Tulimlilia kama mali iliyopotea. Kwenye muvi tunamlilia Rosie kwa sababu tumekaa naye saa mbili, tumemjua jina, tumeona jicho lake kwa karibu. Wale twiga hatukuwajua majina.

Kwahiyo nguvu ya muvi naikubali. Inafanya kitu ambacho taarifa ya habari haiwezi. Mama mdogo, ambaye kwao Bunda tembo wamewahi kumaliza shamba lote la mahindi usiku mmoja na kwake tembo ni adui wa mkulima na ana haki kabisa ya kusema hivyo, yeye ndo aliyeuliza huyu baba ana roho gani. Muvi ilimfikisha hapo kwa saa moja. Nani mwingine angeweza?

Hilo ndo lilinirudisha nyuma kila mara. Nikisema wasitumie tembo halisi, je, mama mdogo angeinua kichwa?

## Rosie wa jukwaani

Jibu nililipata nikiwa natafuta kitu kingine.

Machi 2024 hadithi hii hii ilifunguliwa Broadway, New York, kama tamthilia ya muziki, kwenye ukumbi wa Imperial. Ilikaa mpaka Desemba mwaka huohuo na ilitajwa kugombea tuzo saba za Tony. Hadithi ile ile, Jacob yule yule, August yule yule, treni, hema, njaa. Na Rosie alikuwa mwanasesere.

Nimeona klipu tu, sijaiona nzima. Wanamleta vipandevipande, mkonga kwanza, sikio, halafu baadaye ndo anaingia mzima, mkubwa, na watu ndani yake wanaomchezesha unawaona kabisa miguu yao, hawafichwi. Nilitegemea nitaona kitu cha watoto. Nikaona anageuza kichwa taratibu kumtazama Jacob, na kitu kikanishika kooni, na nilijua kabisa ni kitambaa na fremu na vijana wanne watano waliofanya mazoezi mpaka wanapumua pamoja.

Wale vijana walikubali kazi. Walilipwa. Wakichoka wanasema.

Na kwa wanaotaka picha ya kweli kabisa, mwaka ule ule wa 2011 ilitoka Rise of the Planet of the Apes, sokwe mhusika mkuu, anauma roho mwanzo mpaka mwisho, na hakuna sokwe halisi hata mmoja aliyeguswa, ni mwigizaji Andy Serkis na kompyuta. Kwahiyo hata wakati ule, Tai anapakiwa kwenye lori, njia nyingine ilikuwepo. Ilikuwa ya gharama, sawa. Lakini Water for Elephants haikuwa muvi ya shida, ilitengenezwa kwa dola milioni 38 hivi.

Sheria nazo zimesogea. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote kwenye sarakasi mwaka 2009, kabla hata ya hii muvi. California, alikokuwa anaishi Tai wakati wa muvi, ilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuzuia kulabu, ikaanza kutumika 2018. Uingereza imezuia wanyama pori kwenye sarakasi zinazosafiri tangu 2020. Na Ringling wenyewe walirudi mwaka 2023, bila mnyama hata mmoja, wanasarakasi watupu, na watu wanakata tiketi.

Muvi siikatazi. Mtu akiniuliza nitamwambia aione, aione na wazazi, Waltz peke yake anatosha. Ninachotaka ni kidogo sana na nadhani hata watayarishaji wa kwetu huku wanaoanza kutumia wanyama kwenye tamthilia wanaweza kukifanya. Pale mwishoni, majina yanapopita, baada ya kusema hakuna aliyedhurika siku za kurekodi, waandike na haya: mnyama huyu alitoka wapi, nani alimfundisha, alimfundisha na kifaa gani, na baada ya kazi amerudi wapi. Mistari minne. Majina ya madereva na wapishi wa seti yanapita pale dakika nzima, na ni haki yao kupita. Tai ambaye ameibeba muvi nzima mgongoni naye aandikwe.